Nahau za Mshangao: Maana na Matumizi ya "To Be Taken Aback"

Katika karatasi ya Kiingereza utakutana na sentensi ambazo unajua karibu kila neno lililomo, lakini maana inakuponyoka. Chukua hii: "The headmaster was taken aback by her answer." Neno "headmaster" unalijua tangu kidato cha kwanza. Neno "answer" unalijua. "Taken" umelikariri katika orodha ya vitenzi: take, took, taken. Lakini ukiyaunganisha maneno hayo moja moja kwa Kiswahili utapata "mwalimu mkuu alichukuliwa nyuma na jibu lake." Hapo huna maana yoyote ya kuandika, na swali bado linakusubiri.

Sentensi hiyo inasema kwamba jibu la yule msichana lilimshtua mwalimu mkuu. Halikuwa jibu alilolitarajia, akapigwa na butwaa kwa muda, asijue mara moja aseme nini.

Hii ni nahau. Kama nahau zote, hutaielewa kwa kujua maneno yake peke yake. Unapaswa kujua mambo matatu: maana yake kwa jumla, umbo lake katika sentensi, na kipimo chake, yaani ni mshangao wa kiasi gani unaostahili kuitwa hivyo. Watahiniwa wengi huridhika na jambo la kwanza. Mawili yaliyobaki ndiyo yanayoonyesha kwamba nahau unaimudu.

1. MAANA

"To be taken aback" ni kushangazwa ghafla na jambo usilolitarajia, kiasi cha kusita kabla ya kujua la kusema au la kufanya.

Soma tena maelezo hayo, uone kwamba yana sehemu tatu:

(a) Jambo linatokea ghafla.
(b) Aliyepatwa nalo hakulitarajia.
(c) Linamfanya asite kwa muda mfupi, kisha anajirudi.

Sehemu ya tatu ndiyo inayosahaulika zaidi. Mtu aliyekuwa "taken aback" hakushangaa tu. Amekatizwa. Alikuwa anaendelea na mazungumzo au shughuli yake, mara kikatokea kitu kikamsimamisha.

Kiswahili kina maneno yanayokaribia sana maana hii: kupigwa na butwaa, kushikwa na bumbuwazi, kuduwaa. Haya yanaweza kukusaidia kuelewa kwa nini tafsiri ya neno kwa neno haifai. Ukimwambia mgeni anayejifunza Kiswahili kwamba "nilipigwa na butwaa," naye akatafuta neno moja moja katika kamusi, anaweza kukuuliza huyo Butwaa ni nani na alikupiga na nini. Utacheka. Wewe unajua kwamba hakuna aliyeinua mkono. Basi jua vilevile kwamba katika "taken aback" hakuna aliyechukuliwa, na hakuna aliyepelekwa nyuma.

2. ASILI YA NAHAU

Nahau hii ilitoka baharini, katika merikebu za Waingereza za zama za matanga. Ukiielewa picha yake hutaisahau.

Merikebu kubwa za zama hizo zilikuwa na matanga ya pembe nne yaliyoning'inizwa kwenye foromali, yaani boriti zilizofungwa kwa kukingama juu ya mlingoti. Upepo ulipotoka nyuma au ubavuni, matanga yalivimba kwa mbele na chombo kikaenda. Lakini upepo ukigeuka ghafla, au mshika usukani akizembea akakielekeza chombo mno upande unakotoka upepo, upepo uliyapiga matanga kwa mbele. Matanga yalibonyea nyuma, yakaubana mlingoti. Hapo mabaharia walisema kwamba merikebu imekuwa "taken aback."

Hali hiyo ilikuwa ya hatari. Nguvu ileile iliyokuwa ikisukuma chombo mbele sasa ilikizuia. Merikebu ilipoteza mwendo, ikasimama, na pengine ikaanza kurudi kinyumenyume huku usukani haufuatwi kama kawaida. Kamba za mlingoti zilipangwa hasa kuhimili msukumo wa kutoka nyuma. Msukumo ulipotoka mbele kwa nguvu, mlingoti uliweza kuvunjika.

Zingatia jambo moja zaidi. Nahodha aliweza kugeuza matanga makusudi ili kusimamisha chombo, kwa mfano kumngoja mtu au kumwokoa aliyeanguka majini. Huko hakukuwa "taken aback." Maneno hayo yalihusu chombo kilichopatwa bila kupenda. Ndiyo maana hata leo nahau hii haitumiki kwa jambo ulilolipanga au ulilolijua mapema.

Katika karne ya 19 maneno haya yalikuwa yamekwisha kuhama kutoka kwa vyombo kwenda kwa watu. Mtu anazungumza vizuri, mambo yanakwenda, mara neno moja linamfikia kwa upande asioutazamia, naye anasimama kama merikebu ile.

Neno "aback" lenyewe ni la zamani. Linatokana na maneno mawili ya Kiingereza cha kale, "on" na "bæc," yenye maana ya "kuelekea nyuma." Utaona kiambishi hichohicho cha "a" katika maneno kama "ashore" na "aside." Siku hizi "aback" ni nadra kulikuta nje ya nahau hii. Kwa hiyo ukiliona katika kifungu cha ufahamu, angalia mara moja kama kitenzi "take" kiko karibu.

Usishangae kwamba Waingereza wengi huitumia nahau hii bila kufikiria merikebu. Hata sisi tunasema mipango "imekwenda mrama" tukiwa mbali kabisa na bahari, ilhali mrama ni kule kuyumba kwa chombo majini. Lugha za watu wa pwani huhifadhi habari za bahari hata baada ya wasemaji kuzisahau.

Tahadhari: historia hii ni ya kukusaidia kukumbuka. Ukiulizwa maana ya nahau kama ilivyotumika katika kifungu, usiandike habari za matanga na mlingoti. Andika maana ya leo.

3. UMBO LAKE KATIKA SENTENSI

(a) Kauli ya kutendwa

Hili ndilo umbo linalotumika zaidi: kitenzi "be" katika wakati unaotakiwa, kisha "taken aback," kisha kihusishi "by" na jambo lililoshangaza.

"I was taken aback by the price of the textbook."
"The players were taken aback by the referee's decision."
"You will be taken aback by his honesty."

Kinachobadilika kufuatana na nafsi na wakati ni "be" tu: am, is, are, was, were, have been, will be. "Taken" haibadiliki. Kuandika "was took aback" ni kosa, kwa sababu baada ya "was" tunahitaji umbo la tatu la kitenzi. "Was taking aback" pia ni kosa.

(b) Kufuatiwa na "to" na kitenzi

Ukitaka kusema mtu alishangaa baada ya kusikia, kuona au kugundua jambo, tumia "to."

"She was taken aback to hear that the exam had been moved forward."
"We were taken aback to find the shop closed."

(c) Kufuatiwa na "when"

"Juma was taken aback when his younger brother refused the money."

(d) Kauli ya kutenda

Jambo lililoshangaza likiwa kiima, mtu aliyeshangaa hukaa kati ya "took" na "aback."

"Her question took me aback."
"The news took the whole village aback."

Usiandike "Her question took aback me." Neno "aback" linasubiri hadi mtu atajwe. Unapobadilisha sentensi kutoka kauli moja kwenda nyingine, "The news took the whole village aback" inakuwa "The whole village was taken aback by the news." Jizoeze kubadilisha pande zote mbili.

(e) Mwanzoni mwa sentensi

"Taken aback by the question, the witness kept silent."

Umbo hili linapendeza katika insha, lakini lina mtego. Yule aliyeshangaa lazima awe ndiye kiima cha sehemu inayofuata. Ukiandika "Taken aback by the question, the pen fell from his hand," umesema kwamba kalamu ndiyo iliyopigwa na butwaa. Sahihisha hivi: "Taken aback by the question, he dropped his pen."

(f) Maneno ya kuongeza au kupunguza

Unaweza kuonyesha kiasi cha mshangao kwa kutanguliza neno mbele ya "taken": "a little taken aback," "rather taken aback," "completely taken aback." Epuka "very taken aback," ambayo haina mkazo wa kawaida wa Kiingereza.

(g) Tahajia

"Aback" ni neno moja. Ukiandika "a back" umeandika "mgongo mmoja." Wala hakuna neno "abacked."

4. KIPIMO CHA MSHANGAO

Mtu anaweza kuandika sentensi isiyo na kosa lolote la sarufi lakini ikawa mbaya, kwa sababu ameikosea kipimo. Linganisha maneno haya.

"Surprised" ni neno la jumla. Linafaa kwa mshangao mdogo na mkubwa, wa furaha na wa huzuni, wa ghafla na usio wa ghafla sana.

"Taken aback" ni mshangao wa ghafla unaokusimamisha kidogo. Mara nyingi husababishwa na maneno au mwenendo wa watu: jibu kali, swali la moja kwa moja mno, bei kubwa, ombi la ajabu. Mara nyingi jambo lenyewe si la kupendeza. Hata hivyo wema nao unaweza kumsimamisha mtu: "I was taken aback by their kindness" ni sentensi sahihi, na maana yake ni kwamba hakutarajia wema wa kiasi hicho.

"Shocked" ni zito zaidi. Hapa mtu ameumia au amechukizwa, na hali hiyo inaweza kudumu.

"Terrified" si mshangao bali hofu kubwa.

Sasa fikiria mtahiniwa anayesimulia msiba, akaandika: "I was taken aback when my grandmother died." Sarufi haina kasoro, lakini msomaji anaona kama mwandishi amepita msiba wa bibi yake kama anayepita bei ya nyanya sokoni. Kilio hakipimwi kwa kusita kwa dakika moja. Aandike: "I was heartbroken when my grandmother died." Vivyo hivyo, mtu aliyevamiwa na simba hawi "taken aback." Huyo ni "terrified," na anakimbia.

Kabla hujaandika nahau hii, jiulize: je, mtu huyu alisimama kidogo, akameza mate, kisha akaendelea? Kama ndiyo, tumia. Kama alilia siku tatu au alikimbia kuokoa roho yake, tafuta neno jingine.

5. MISEMO INAYOFANANA NAYO

Misemo ifuatayo huchanganywa na nahau yetu. Iweke kila mmoja mahali pake.

"Take back." Huku ni kurudisha kitu au kufuta kauli. "I take back what I said" ni "nafuta kauli yangu." "She took the shoes back to the shop" ni "alirudisha viatu dukani."

"Take somebody back." Huku ni kumkumbusha mtu zamani. Soma sentensi hizi mbili polepole:

"That song took me back."
"That song took me aback."

Tofauti ni herufi moja tu. Ya kwanza inasema wimbo ulimkumbusha siku za zamani. Ya pili inasema wimbo ulimshangaza, labda kwa maneno yake makali. Aliyesoma kwa haraka ataona ni sentensi moja, kisha atajibu swali juu ya hisia za msimulizi kinyume kabisa.

"Out of the blue." Maana yake ni ghafla, bila dalili. Husema jinsi jambo lilivyotokea, si jinsi mtu alivyojisikia. "He called me out of the blue, and I was taken aback." Simu ilikuja ghafla, mimi nikapigwa na butwaa. Sentensi moja imebeba yote mawili bila kurudia.

"To be caught off guard." Ni kukutwa hujajiandaa. Mwanafunzi aliyepewa jaribio bila taarifa "was caught off guard." Uzito uko kwenye kutokuwa tayari. Katika "taken aback" uzito uko kwenye mshangao wenyewe.

"To be at a loss for words." Ni kukosa la kusema. Hii inaweza kuwa matokeo ya kuwa "taken aback," lakini pia inaweza kutokana na huzuni au furaha kubwa.

"To be caught red-handed." Hii haihusu mshangao. Ni kukamatwa wakati unatenda kosa. Neno "caught" lisikudanganye.

6. NAHAU KATIKA SWALI LA UFAHAMU

Soma kifungu hiki kifupi.

"The members of the women's group were shelling groundnuts and chatting when the treasurer stood up to read the accounts. 'We have no money left,' she said. 'Every shilling has gone to pay the hospital bill of one of us, and I alone decided it.' The chairwoman was taken aback. She opened the account book, closed it, and opened it again. At last she found her voice. 'You should have asked us first,' she said. 'But if you had asked, we would have said yes.'"

Swali la 1: "Explain the meaning of the expression 'taken aback' as used in the passage."

Jibu zuri: "It means that the chairwoman was so surprised by the treasurer's words that for a moment she did not know what to say."

Jibu hili ni zuri kwa sababu lina mshangao, lina sababu ya mshangao, na lina kule kusita. Pia linamtaja mwenyekiti na maneno ya mhazini, kwa sababu swali limesema "as used in the passage." Jibu la "it means surprised" si la uongo, lakini limeacha nusu ya maana na halijagusa kifungu.

Swali la 2: "How does the writer show that the chairwoman was taken aback?"

Rudi kwenye kifungu, utafute anachofanya mwenyekiti. Alifungua daftari la hesabu, akalifunga, akalifungua tena. Mtu anayefanya hivyo hasomi kitu. Mikono inatafuta la kufanya wakati akili imesimama. Kisha mwandishi anasema "at last she found her voice," yaani sauti ilikuwa imempotea. Jibu: "She opened and closed the account book without saying anything, and it took her some time to speak."

Hapa kuna somo kubwa. Hata kama ungekuwa huijui nahau hii, sentensi mbili zinazofuata zingekuelekeza kwenye maana yake. Nahau ngumu ikikukabili, usibaki kuitazama. Soma sentensi iliyotangulia na inayofuata.

Swali la 3: "Was the chairwoman against helping the sick member? Give a reason."

Hili ndilo swali linalotenganisha watahiniwa. Aliyedhani "taken aback" ni kukasirika atajibu kwamba mwenyekiti alipinga msaada. Aliyetafsiri neno kwa neno atadhani mwenyekiti alirudishwa nyuma au aliondolewa kwenye nafasi yake, na kifungu kizima kitampotea. Lakini nahau inasema tu kwamba alishangaa. Haisemi alikubali wala alikataa. Uamuzi wake uko kwenye maneno yake ya mwisho: mhazini angeuliza, wangekubali. Jibu: "No, she was not. She said that the group would have agreed to help if the treasurer had asked them first. She was only unhappy that they had not been asked."

Umeona kilichotokea? Swali la tatu halikutaja nahau hata kidogo, lakini aliyekosea nahau amelikosa pia.

7. NAHAU KATIKA INSHA

Katika insha au barua, nahau moja iliyokaa mahali pake ni bora kuliko tano zilizobandikwa. Fuata kanuni tatu.

Kwanza, itumie mara moja. Ukishaandika kwamba mhusika "was taken aback" katika aya ya pili, usimpige tena na butwaa katika aya ya tatu na ya nne.

Pili, ionyeshe. Baada ya nahau, andika sentensi moja inayoeleza mtu huyo alifanya nini. Linganisha:

"My father was taken aback. He was very surprised."

"My father was taken aback. He put down his cup and looked at me for a long time."

Katika mfano wa kwanza, sentensi ya pili imerudia ya kwanza kwa maneno mengine. Katika mfano wa pili tunamwona baba.

Tatu, angalia unamwandikia nani. Nahau hii inakubalika katika simulizi, katika barua kwa rafiki, na hata katika barua kwa mhariri wa gazeti: "Many residents were taken aback by the new bus fares." Haina matusi wala utani. Lakini katika barua ya kuomba kazi haina nafasi, kwa kuwa mwajiri anataka kujua sifa zako, si mishangao yako.

8. ZOEZI

Jibu maswali haya bila kutazama majibu yaliyo chini.

A. Sahihisha makosa.
1. "The visitors was took aback by the noise."
2. "His reply took aback the teacher."
3. "I was taken a back to see my name on the list."
4. "Taken aback by the news, the chair was where Neema sat down."

B. Badilisha kauli.
5. "The boy's courage took everyone aback." Anza na "Everyone..."
6. "We were taken aback by the result." Anza na "The result..."

C. Chagua msemo unaofaa: "took me back," "took me aback," "out of the blue," "caught red-handed."
7. "The smell of that food ______ to my childhood."
8. "The thief was ______ with the goat on his shoulders."
9. "The landlord, who is usually gentle, shouted at us. It really ______."
10. "We had not heard from him for six years. Then, ______, he arrived with two suitcases."

Majibu

1. "The visitors were taken aback by the noise." Kulikuwa na makosa mawili: "visitors" ni wengi, na "took" si umbo la tatu.
2. "His reply took the teacher aback."
3. "I was taken aback to see my name on the list."
4. "Taken aback by the news, Neema sat down on the chair." Aliyeshangaa ni Neema, si kiti.
5. "Everyone was taken aback by the boy's courage." "Everyone" huchukua "was," si "were."
6. "The result took us aback." "We" imegeuka "us."
7. "took me back." Neno "childhood" linaonyesha ni kumbukumbu.
8. "caught red-handed."
9. "took me aback." Neno "usually gentle" linaonyesha ukali wake haukutarajiwa.
10. "out of the blue."

Ukipata nane au zaidi, endelea na nahau nyingine. Ukipata chini ya hapo, angalia umekosea sehemu ipi. Aliyekosa A na B arudie sehemu ya 3. Aliyekosa C arudie sehemu ya 5.

Mwisho, tengeneza daftari dogo la nahau. Kwa kila nahau andika mistari minne: maana yake kwa maneno yako, umbo lake, kipimo chake, na sentensi moja uliyoitunga mwenyewe. Usinakili sentensi za kitabu hiki. Sentensi uliyoitunga kutokana na jambo lililotokea nyumbani kwenu au darasani kwenu ndiyo utakayoikumbuka siku ya mtihani.